Mali Bila Daftari: Vipepeo Wahamao na Magugu Tunayoyafyeka

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mwenye duka asiyeandika madeni, au kwa mweka hazina wa chama anayetembea na michango ya wenzake mfukoni. Katika makala haya ninanuia kuielekeza mahali ambapo hatujazoea kuisikia, yaani kwa vipepeo. Najua kwamba msomaji wa jarida hili, aliyezoea kukuta humu mijadala ya ngeli, arudhi na riwaya mpya, huenda akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili na wadudu, wapi na wapi? Swali hilo ndilo nililokusudia kulijibu, nami ninamwomba anistahimilie hadi mwisho.

Nianze kwa kisa kilichonitia haya. Muhula uliopita, siku chache baada ya mvua kuanuka, nilikuwa nikitoka bwenini kuelekea darasani nilipoona vipepeo weupe wakivuka kiwanja cha chuo. Hawakuwa wawili watatu wa kurukaruka mauani. Walikuja mfululizo, mmoja nyuma ya mwingine, wote wakielekea upande mmoja. Walipofika kwenye ukuta wa maktaba hawakurudi nyuma. Walipanda juu yake, wakashuka upande wa pili na kuendelea na safari yao. Nilipotoka darasani saa nne walikuwa wangali wanapita. Mwanafunzi mgeni kutoka ng'ambo, aliyekuja kujifunza Kiswahili kwetu, alisimama kando yangu akaniuliza, "Hawa mnawaitaje?" Nikamjibu upesi, "Vipepeo." Akatabasamu. "Vipepeo ni wote. Hawa, je?" Nilipigwa na butwaa. Mimi niwezaye kumtajia mtu bahari za ushairi bila kugugumiza, nilikosa jina la kiumbe aliyekuwa akipita mbele ya macho yangu kwa mamia.

Kisa hicho kilipata mkia wake wiki mbili baadaye. Nyuma ya mabweni, kando ya ua, palikuwa na vichaka vya mmea wenye maua ya manjano. Nyumbani kwetu katika Bonde la Ufa mmea huo huitwa senetwet, na makaa yake ndiyo nyanya yangu, ambaye sisi humwita kogo, huyatumia kusugua kibuyu kabla ya kutia maziwa ya mursik. Majani yake siku hiyo yalikuwa yamejaa viwavi wa rangi ya kijani. Mzee mmoja wa kutunza mazingira alikuwa akivifyeka vichaka hivyo kwa panga, kwani sherehe ya mahafali ilikuwa imekaribia na ua ulitakiwa kupendeza. Nilimsalimu, kisha nikamwuliza, "Mzee, mbona tunaukata huu?" Akajipangusa jasho, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nimeagizwa niondoe magugu. Tena tazama, yana viwavi." Kufikia adhuhuri hapakusalia kitu ila visiki na lundo la majani yanayonyauka.

Sikumlaumu mzee yule, wala sijamlaumu hadi leo. Alitumia maneno mawili tu, magugu na viwavi, na katika lugha yetu maneno hayo mawili ni hukumu tosha. Hata hivyo, nilipokwenda kupekua vitabu niligundua kwamba vichaka vile na vipepeo wale wa awali walikuwa na uhusiano wa mama na utoto. Kipepeo aliyevuka kiwanja chetu aliitwa na wanasayansi Catopsilia florella. Dume lake ni jeupe lenye kivuli cha kijani hafifu, na jike laweza kuwa jeupe au la manjano. Kwa Kiingereza huitwa mhamaji wa Afrika, na jina hilo limemstahili, kwa maana husafiri kwa makundi makubwa hasa baada ya mvua, akitafuta mahali penye majani mapya. Jike halitagi mayai popote lipendapo. Hutaga juu ya mimea ya jamii ya Senna, na senetwet, ambao wataalamu huuita Senna didymobotrya, ni mmojawapo. Yamkini wageni wale hawakupita tu. Baadhi yao walitua nyuma ya mabweni yetu, wakatuachia watoto, nasi tukawakata kwa panga ili tupige picha nzuri za mahafali.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu kuu. Tunapoambiwa tuhifadhi maumbile, fikra zetu hukimbilia msituni na mbugani. Tunafikiria mahali palipowekewa mipaka, lango na askari. Kwa kipepeo ahamaye, hifadhi ya namna hiyo haitoshi. Yeye hana kwao pamoja. Ana mnyororo wa vituo, na kila kituo ni mahali ambapo mmea fulani unaota ili kizazi kimoja kizaliwe, kikue na kuendeleza safari. Aghalabu mmea huo hauko ndani ya hifadhi. Uko kando ya barabara, mpakani mwa mashamba, kwenye kingo za mito, nyuma ya mabweni. Catopsilia florella hutaka Senna. Belenois aurota, kipepeo mweupe mwenye mishipa myeusi ambaye pia husafiri kwa makundi makubwa, hutaka mimea ya familia ya Capparaceae, inayoota zaidi katika nchi kame. Danaus chrysippus, yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, hutaka mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Ondoa mmea, na kipepeo hana pa kutaga, hata kama msitu mzima wa jirani umehifadhiwa kwa sheria.

Ithibati ya jambo hili tunaipata mbali na kwetu, katika bara la Amerika. Huko yuko kipepeo wa ukoo mmoja na Danaus wetu, ambaye Kiingereza humwita mfalme. Kila mwaka katika majira ya kupukutika kwa majani, vipepeo hao huondoka Kanada na Marekani wakaenda kukaa wakati wa baridi juu ya miti ya milima ya Meksiko ya kati. Wanavijiji wa milima hiyo waliwajua tangu jadi, lakini wanasayansi hawakujua waendako. Fred Urquhart wa Kanada na mkewe Norah walitumia miongo kadhaa wakibandika vibandiko vidogo kwenye mabawa ya vipepeo, wakisaidiwa na maelfu ya watu wa kujitolea. Mnamo Januari 1975 Ken Brugger na Catalina Aguado, waliokuwa wakishirikiana nao, wakafika mahali penyewe. Mwaka uliofuata Urquhart alikwenda kujionea, na miongoni mwa mamilioni ya vipepeo akakuta mmoja mwenye kibandiko. Kilikuwa kimebandikwa na mwalimu na wanafunzi wake wawili wa shule huko Minnesota. Siri iliyowashinda wataalamu kwa miaka mingi ilithibitishwa kwa kazi ya mikono ya wanafunzi.

Baada ya kugundua, walihesabu. Kwa kuwa vipepeo hao ni wengi mno kuhesabika mmoja mmoja, hupimwa eneo la msitu wanalolifunika. Katika msimu wa 1996–97 walifunika zaidi ya hekta 18. Katika msimu wa 2013–14 walifunika hekta 0.67 tu. Msimu wa 2024–25 ulikuwa na hekta 1.79, yaani nafuu kiasi, lakini mbali sana na hali ya awali. Sasa msomaji azingatie jambo hili: serikali ya Meksiko ilikuwa imeilinda misitu hiyo tangu 1986, ikapanua hifadhi hiyo mwaka 2000 hadi zaidi ya hekta 56,000, na mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mbona basi vipepeo wakapungua? Ukataji haramu wa miti, ukame na mabadiliko ya tabianchi vina sehemu yao. Lakini wataalamu wengi wameelekeza kidole kwenye mashamba ya mahindi na soya ya Marekani, yaliyo umbali wa maelfu ya kilomita. Wakulima huko walianza kupanda mbegu zilizogeuzwa ili zihimili dawa ya kuua magugu. Dawa ikanyunyiziwa mashamba mazima, na mmea wa utomvu mweupe ambao kiwavi wa mfalme huutegemea ukatoweka humo. Nyumba ya kulala ilikuwa na askari mlangoni, ilhali chumba cha kuzalia kilikuwa kikibomolewa kwa jina la kupalilia. Fauka ya hayo, jambo hili lisingejulikana kamwe lau kusingekuwa na daftari. Ni tarakimu za mwaka hadi mwaka zilizowashtua.

Mfano wa pili unatugusa sisi wenyewe. Yuko kipepeo aitwaye Vanessa cardui, anayepatikana Ulaya, Asia na Afrika, Kenya ikiwemo. Waulaya walimwona akiwasili kwao kila majira ya kuchipua, mwaka 2009 akifurika Uingereza kwa mamilioni, lakini hawakumwona akiondoka. Wengi waliamini kwamba uzao wake huishia kufa kwa baridi. Watu waliomhesabu nchi kavu walipounganisha daftari zao na mitambo ya rada, ilibainika kwamba hurudi kusini akiruka juu mno, asikoweza kuonwa na mtu aliyesimama ardhini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa hulivuka jangwa la Sahara na kuzaliana upande wa huku, na mwingine wa mwaka 2023 ukachora ramani ya mahali anapoweza kuzaliana kusini mwa Sahara katika miezi ambayo Ulaya imeshikwa na baridi. Safari nzima ya kwenda na kurudi hupita kilomita 12,000, na hakuna kipepeo hata mmoja anayeimaliza peke yake. Hukamilishwa na vizazi vinavyopokezana. Kwa hiyo Mwingereza anayemfurahia kipepeo huyu bustanini mwake anakula tunda la magugu ya Afrika. Nasi tunaoyafyeka hatuna hata neno la kumwitia.

Je, sisi hatujui kuhesabu? La hasha! Mwaka 2021 Kenya ilifanya sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, na tukaambiwa kuwa tuna tembo 36,280. Nzige wa jangwani walipotuvamia kuanzia Desemba 2019, uvamizi ambao nchi hii haikuwa imeuona kwa miaka 70, tuliwafuata kwa ndege na kwa programu za simu. Vijana vijijini walituma habari za mahali makundi yalipotua na kutaga mayai. Basi uwezo wa kufuatilia mdudu anayehama tunao, na tumeshautumia. Tofauti ni kwamba tembo hutuletea watalii na nzige hutuletea njaa. Tunahesabu tunachokiuza na tunachokiogopa. Kipepeo hayumo katika makundi hayo mawili, na kwa sababu hiyo hana daftari, ingawa nchi hii ina aina zaidi ya 850 za vipepeo.

Sasa nirejee kwenye swali la mwanzo: Kiswahili kinaingiaje hapa? Kinaingia kwa sababu mtu hawezi kuhesabu kisicho na jina. Daftari huanza na jina upande wa kushoto, ndipo tarakimu ifuate upande wa kulia. Hebu tutazame hazina yetu ya msamiati. Mvuvi wa Lamu au wa Vanga hana samaki tu. Ana changu, tasi, tafi, pono, chewa, nguru, kolekole na jodari. Hata katika wadudu hatuko maskini. Tuna nzige, panzi, senene, kumbikumbi, mchwa, siafu, sisimizi na majimoto. Lakini ukichunguza utaona kuwa majina haya yamegawika kama ile sensa: tumevipa majina tunavyovila na vinavyotuuma au kutuharibia. Kipepeo, ambaye haliwi wala haumi, ameachiwa jina moja lililotokana na kitenzi pepea, na aina zake zote zimebanana humo kama abiria wa matatu ya jioni.

Hali ni mbaya zaidi tunapofika kwenye uzazi wake. Neno kiwavi latukumbusha mwasho, na siku hizi husikika zaidi likiwa limefungamanishwa na jeshi, yaani viwavijeshi wanaomaliza mahindi. Neno pupa, tunalolitumia kwa hatua ile ya kipepeo kujifunga kabla ya kuota mabawa, tumelikopa likakutana na pupa yetu ya kale yenye maana ya ulafi na haraka. Neno mazalia, ambalo ndilo hasa lingetufaa kwa mahali pa kuzaliana, tumelizoea katika kampeni za malaria, tunapohimizwa kuharibu mazalia ya mbu. Gugu ni mmea wowote ambao hatukuupanda. Msomaji ataona kuwa msamiati wote wa maisha ya utotoni ya kipepeo ni msamiati wa vita. Je, tumtarajie mzee mwenye panga aokoe kitu ambacho lugha yake yote inamwamuru akiharibu?

Kwa miaka mingi sisi wapenzi wa Kiswahili tulibishana ikiwa chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na faida yake. Hata hivyo, chombo chenyewe kilikuja na jina lake kutoka kiwandani, na kingeendelea kufanya kazi hata tungekiita kijiko. Kipepeo hana kiwanda kinachomtetea. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu wa wadudu, C. B. Williams, alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, na mwaka 1930 akachapisha kitabu kizima cha Kiingereza juu ya uhamaji wa vipepeo. Karibu karne moja imepita. Wasemaji wa Kiswahili wa Usambara ndio waliokuwa wenyeji wa elimu hiyo, lakini katika lugha yao haikuachwa hata orodha ya majina.

Sipuuzi pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba mwananchi mwenye njaa hawezi kuambiwa aache magugu shambani. Ni kweli kabisa, wala simwambii hivyo. Mahindi yapaliliwe. Ninachozungumzia ni ukingo: ukanda wa kando ya barabara, ua wa shule, ukingo wa mto, na nyuma ya mabweni. Pingamizi la pili ni kwamba baadhi ya mimea hii, senetwet na ile ya utomvu mweupe ikiwemo, ina sumu kwa mifugo. Hilo nalo ni kweli, na mfugaji ana haki ya kuiondoa malishoni. Lakini ndani ya ua wa chuo hatulishi ng'ombe. Pingamizi la tatu, na ndilo zito, ni kwamba kipepeo hana faida. Kwa hili nina majibu mawili. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mradi wa Kipepeo ulioanzishwa huko Gede mwaka 1993, wamefuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa kwa mabustani ya maonyesho ya ng'ambo, na hivyo wakapata sababu ya kutaka msitu usimame. Aidha, utafiti uliofanywa katika mashamba ya Bonde la Kerio umeonyesha kuwa mpapai hutegemea nondo, binamu wa kipepeo arukaye magharibi, kuchavusha maua yake, na kwamba nondo hao huhitaji vichaka vilivyo karibu. Anayefyeka kila kichaka asishangae mpapai ukikosa mapapai. Hata hivyo sitaki hoja yangu yote isimame juu ya faida. Hatujui ni faida ngapi nyingine zinazopita juu ya vichwa vyetu bila kuandikwa.

Kuhesabu kwenyewe huzaa elimu ambayo mtu hakuitafuta. Waliochunguza Danaus chrysippus katika maeneo ya Nairobi waligundua kwamba majike mengi huzaa majike matupu. Chanzo ni bakteria aitwaye Spiroplasma, ambaye huua viini vya kiume kabla ya kuanguliwa. Mtu aliyemwangalia kipepeo yule kwa macho ya kawaida asingetambua lolote. Ilimbidi mtu akae, atenge madume na majike, na aandike idadi yake. Yaliyokuwa yakitendeka kando ya barabara zetu yakawa mada ya wataalamu wa dunia nzima.

Basi tufanyeje? Sipendi makala yanayomalizia kwa kuitaka serikali ifanye kila kitu, kisha mwandishi akaenda kulala. Nina mapendekezo matatu yanayoweza kutekelezwa na chama chetu bila kuomba senti kwa mtu.

Kwanza, tuanze kuhesabu. Uingereza ina mpango wa kufuatilia vipepeo ulioanza mwaka 1976, na mbinu yake aliyoibuni Ernie Pollard ni nyepesi hata kwa mwanafunzi wa fasihi. Huchaguliwa njia moja isiyobadilika. Mara moja kwa wiki, siku yenye jua na upepo mdogo, mtu huipita njia hiyo kwa mwendo wa taratibu na kuandika kila kipepeo anayemwona ndani ya mita mbili na nusu kila upande na mita tano mbele yake. Basi. Hakamati, hauui, habandiki kitu. Njia ya kutoka langoni kupitia nyuma ya mabweni hadi maktabani yatosha. Tukianza na aina tano tu tunazoweza kuzitambua bila shaka, tutakuwa na daftari.

Pili, tukusanye majina. Sipendekezi tujifungie chumbani tutafsiri majina ya Kiingereza, tukaja na bibi aliyepakwa rangi na vituko vingine. Likizo ijayo kila mwanachama aende kwao na picha za vipepeo watano, awaulize wazee: Huyu mnamwitaje? Mmea huu je? Kuna mahali mnapowaona wakipita, na hupita mwezi gani? Senetwet ya Wakalenjin ni mwinu kwa Wakikuyu. Bila shaka kila jamii ina yake. Kiswahili kimekua kwa kukopa kutoka kwa ndugu zake, na hakitakufa kwa kukopa jina la kipepeo kutoka Kigiriama au Kitaita. Pale tutakapokosa jina, ndipo tubuni, na kwa adabu. Mimi ningeridhika Catopsilia akiitwa mhamaji tu, na Vanessa akiitwa bibi-wanja kwa urembo wake, lakini mwenye jina bora na alilete.

Tatu, tuiendee idara inayotunza mazingira ya chuo, kwa heshima, na tuwaombe mambo mawili: waache ukanda mmoja wa ua bila kufyekwa, na wanapolazimika kufyeka wafyeke nusu leo na nusu nyingine baada ya wiki kadhaa. Kutoka yai hadi kipepeo huchukua takribani mwezi mmoja. Subira ya mwezi mmoja haiwezi kuharibu sherehe ya mahafali.

Mtu ataniambia kwamba mwanafunzi hukaa chuoni miaka minne tu, ilhali hesabu ya vipepeo haina maana mpaka ifanywe miaka kumi au ishirini. Ni kweli, na ndiyo sababu nimeandika katika jarida la chama badala ya kuanza peke yangu. Wanachama huja na kuondoka, chama kikabaki. Sisi tulio mwaka wa tatu hatutaiona hesabu ya mwaka wa kumi. Tutamkabidhi daftari mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, naye atamkabidhi mwingine tusiyemjua, kama vile kipepeo wa Vanessa anayeikabidhi safari kwa kizazi asichokiona. Ila mtu wa kwanza asipoandika ukurasa wa kwanza, hakuna wa kukabidhiwa.

Kuhusu vichaka vya nyuma ya mabweni, nilikwenda kuvitazama juzi. Senetwet ni mmea sugu. Visiki vimeanza kuchipua. Yule mzee aliniona nimechutama, akaja akasimama karibu. Nilimsimulia yote niliyoyasoma. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba hata kwao utotoni walikuwa wakiwaona wale weupe wakipita kwa siku nzima, na kwamba walikuwa na jina lao, ila amelisahau. Angemwuliza dada yake mkubwa atakapokwenda nyumbani. Nimeacha mstari mmoja mtupu katika daftari langu kwa ajili ya jina hilo. Naomba asichelewe, kwa maana dada yake, aliniambia, ametimiza miaka themanini na mitano.